Siku ya Posho kwa Malori ya Kamituga

Jioni hii binti yangu ameniletea devoir, kazi yake ya shule ya Kiingereza, hapa kwenye babula, jiko letu la makaa, moshi ukiniingia machoni. "Maman, to wait na to hope, si ni kitu moja?" Nilikuwa nimechoka, rafiki yangu, nikamwambia aende kumwuliza baba yake. Akaenda, ila swali likabaki na mimi.

Maneno hayo mawili nilijifunza mwaka ule papa yangu alipokuwa Kamituga kuchimba dhahabu. Alisema anakwenda miezi michache tu. Kila siku ya posho, yaani Jumamosi, maman yangu alifunga meza yake ya soko mapema, akanishika mkono, tukapanda hadi Kadutu, pale malori yalipofikia yamejaa matope mpaka kwenye vioo. Alibeba bugali na sambaza, vile visamaki vya ziwa, za kukaanga ndani ya kitambaa, maana mtu wa safari hapokelewi mikono mitupu. Madereva walimjua. "Leo hapana, maman. Pengine posho ingine." Sambaza tulizila njiani tukirudi, zimeshapoa, na mvua ya Bukavu juu yetu.

Basi siku moja darasani mwalimu wetu wa Kiingereza akatueleza. Anayejua gari limeshatoka, huyo anangoja, to wait. Asiyejua hata kama limetoka, huyo anatumaini, to hope. Nikainua mkono: na maman yangu, je? Darasa zima likanigeukia, maana mtaa wote ulijua habari zetu. Mwalimu akaweka chaki chini. "Maman yako iko nafanya zote mbili, mutoto yangu. Njo maana anachoka."

Ee Mungu wangu, alichoka kweli! Siku moja dereva akamwambia wazi kwamba papa alishatoka Kamituga zamani, akaingia porini upande wa Shabunda, na huko hakuna mwenye habari zake. Maman akamshukuru. Tangu hapo hatukupanda tena Kadutu. Nilifurahi, nikidhani sasa atapumzika. Kumbe alikuwa ameacha moja tu kati ya zile mbili, akabaki na ile nzito zaidi.

Leo maman hayupo, mwalimu hayupo, malori nayo yanafikia kwingine. Papa alikuwa na desturi ya kukohoa mlangoni kabla ya kuingia. Mimi huyu, mama mzima mwenye watoto, mpaka leo mwanaume akikohoa nje usiku, nanyamaza kwanza, nisikie kama atafungua.