Mwalimu Aliyeweka Akiba ya ATP

Itangazwe kwa ndugu, jamaa na majirani wote wa ghorofa ya tatu: kuanzia Jumatatu, mwalimu wa baiolojia amesitisha rasmi kunyanyua kitu chochote kizito kuliko kijiko. Anaweka akiba ya ATP.

Darasani alikuwa ameshajigamba. "ATP ndiyo ghala la nishati mwilini. Ukipumzika, linajaa. Kwenye mbio za walimu mtaona nikilifungua!" Binti yake, anayesoma darasa hilohilo, aliinamisha kichwa, wenzake walishaanza kukonyezana.

Wiki hiyo maji yalikatika. Mkewe alipandisha ndoo ngazi kwa ngazi, huku mwalimu amelala chali kwenye kochi.

"Mume wangu, hata ndoo moja tu?"

"Usinimwagie akiba, mke wangu."

"Haya, inua basi miguu nideki."

Akainua mmoja. Miwili ingekuwa ufujaji.

Siku ya mbio, filimbi ilipolia, alichomoka kama anayefukuzwa na nyuki. Binti akasahau aibu zote, akarukaruka: "Baba! Baba! Baba!" Kabla ya nusu ya uwanja, miguu ikagoma. Mwalimu akapepesuka, akajikalia kwenye nyasi katikati ya mstari wake, mdomo wazi. Mwalimu mkuu, mzee wa kustaafu muda wowote, akampita taratibu na suruali yake ya suti. "Pole, mwalimu," akasema, tena kwa huruma ya kweli. Uwanja mzima ukaangua kicheko. Lakini hicho mwalimu angekivumilia. Kilichomkata maini ni kuona binti yake amegeuka, anaondoka peke yake.

Nyumbani alifungua kitabu chake cha chuo kwa mikono ya mtu anayefungua barua ya kufukuzwa kazi. Yote yalikuwemo. ATP iliyomo kwenye seli hutosha kwa sekunde chache tu. Fosfeti ya mwisho kati ya tatu zilizoungana kwenye ATP ikikatwa, nishati hutoka, kazi hufanyika; kisha nishati ya chakula huirudisha fosfeti mahali pake, kukatwa na kurudishwa bila kupumzika, hata mtu akiwa anakoroma. Akiba ya kukaa muda mrefu ni mafuta na glaikojeni, yaani sukari iliyohifadhiwa kwenye ini na misuli. Haya aliwahi kuyajua! Na sasa darasa zima lilikuwa linaelekea kwenye mtihani na uongo wake kichwani, mwanawe akiwa mmoja wao.

Jumatatu aliingia darasani akiangalia viatu. Akafuta ubao, akaandika upya somo la ATP, akakiri kwamba alikosea. Hakuna aliyecheka, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Binti akanyoosha mkono. "Mwalimu," akaita. Tangu mbio zile, hata mezani nyumbani alikuwa akimwita hivyohivyo. "Kama ATP haiwekwi, wiki nzima pale kwenye kochi ulikuwa unaweka nini?"

Baba yake alivuta shati kufunika tumbo.

"Mafuta, mwanangu."