Kati ya Kizuizi na Kizuizi

Hulda Aluoch alikuwa na ugonjwa mmoja tu, nao ni kuuliza. Angalia hata kazi aliyoipenda! Wenzake kule mtaani Langas wanatengeneza simu na kujazia watu filamu kwenye flashi, yeye anafukua kerneli, kile kiini cha mfumo wa kompyuta kinachoamua nani aguse nini. Na kulipwa halipwi, usinicheke. Kerneli ile ni ya watu wote. Ukiona kosa unalirekebisha, unawatumia wasimamizi, wakiridhika wanaingiza. Ukimuuliza anapata nini, anakwambia, "Najua ndani kuko aje."

Basi Januari moja akanasa. Kwenye kompyuta ya cyber yake, kibanda chake cha intaneti, aligundua tundu: programu ya mtu yeyote, hata mteja aliyekuja kuprinti barua, ingeweza kuingiza mzigo wa data mkubwa kuliko inavyoruhusiwa na kujifanya mwenye mashine. Aliliona likitokea mara moja tu, mashine ikaganda. Akawaandikia wasimamizi. Mmoja wao, mzungu wa maneno machache, akajibu kwamba amesoma ule ukaguzi wa mlangoni, unaopima mzigo kabla haujaingia, na hauna kasoro. Kama Hulda hawezi kuonyesha mwizi anapitia wapi, Ijumaa anaifunga kesi.

"Wueh! Ameniita mwongo kwa adabu!" Hulda alifoka peke yake. Alikasirika, lakini zaidi aliogopa. Kesi ikifungwa, tundu lingebaki wazi kwenye mashine za cyber, za shule, hata za hospitali, na aliyeliona ni yeye peke yake. Akausoma ukaguzi ule mpaka macho yakamuwasha. Programu inaleta namba, kusema mzigo wake ni mkubwa kiasi gani. Kerneli inaisoma, ikizidi, inaikataa. Safi kabisa. Sasa huo mzigo mkubwa uliingilia wapi?

Alhamisi akaiacha kompyuta, akabeba kikapu cha viazi, akaenda kwa Mzee Guled. Hiyo ilikuwa desturi ya marehemu mama yake. Guled, Msomali mwenye malori, ndiye aliyewatoa yeye na mama yake kule Ainabkoi kwenye vita vya baada ya uchaguzi, nyumba yao ikiwa imeshachomwa. Tangu hapo kila Januari mama alimpelekea viazi, wakanywa chai, wakaongea habari za mvua. Siku yenyewe haikutajwa kamwe. Hulda wakati ule alikuwa darasa la tatu, na alichokumbuka ni giza, vumbi la gunia puani, na kiganja cha mama mdomoni mwake.

Lakini mwenye ugonjwa wake haachi. Chai ya pili ilipomiminwa, uvumilivu ukamwisha.

"Mzee, siku ile, vile vizuizi vya barabarani. Vijana walikuwa wanapekua kila gari. Sisi tulipitaje?"

Guled akaweka kikombe chini. Hulda akadhani amemkosea, akaanza kuomba msamaha.

"Nyamaza. Nimengoja miaka yote mmoja wenu aniulize," mzee alisema. "Walipekua, tena vizuri. Kizuizi cha kwanza walipanda juu, wakapindua kila gunia, wakachungulia hadi chini ya kiti. Hawakupata mtu, maana hakukuwa na mtu. Wakachomeka tawi mbele ya lori, kuonyesha huyu ameshaangaliwa."

"Na sisi?"

"Mlikuwa mnanisubiri mbele, baada ya kona, kwenye mikaratusi. Nikasimama, mkapanda, nikawafunika na magunia. Kizuizi cha pili wakaona tawi. 'Pita, mzee!' Hakuna aliyefungua. Afungue ya nini?"

Hulda alilia. Alimlilia mama yake, aliyejificha kwenye miti ile na mtoto, akihesabu lori moja tu kuwa ndilo maisha yao. Kisha, katikati ya machozi, akasimama ghafla, nusura apindue kikapu.

"Mzee! Kumbe mlango hauna makosa! Makosa yapo njiani!"

"Makosa gani tena?" Guled alimshangaa.

Hulda alikuwa ameshatoka mbio. Kwenye cyber akafungua tena msimbo, yale maandishi ya kerneli, safari hii akaupita ukaguzi na kuendelea mbele. Lo! Kerneli ilisoma namba ikaikagua, halafu wakati wa kupakia mzigo ilirudi kwa programu kuisoma mara ya pili, bila kuikagua tena. Hapo katikati mwenye programu angeweza kuibadilisha. Akaandika programu ndogo ya kubadilisha namba papo hapo. Mashine ikaganda mbele ya wateja, nao wakalalamika huku yeye anapiga makofi. Marekebisho yalikuwa mistari michache: kerneli isome namba mara moja tu, ibaki na nakala yake yenyewe, na itumie hiyo hiyo mpaka mwisho. Ijumaa yule mzungu akajibu kwamba ameona, ameingiza, na anaomba radhi.

Hulda akarudi kwa Guled kumweleza yote, taratibu, tawi na namba, mpaka mzee akaelewa.

"Kwa hiyo umeziba."

"Nimeziba, mzee. Ukishakaguliwa, hakuna kupakia kitu njiani."

Guled akatikisa kichwa, akamtazama msichana ambaye yeye mwenyewe alimfunika kwa magunia alipokuwa mdogo vile.

"Alhamdulillahi," alisema, "wale vijana hawakuwa na fundi kama wewe."

Akammiminia chai.