Boksi la Barafu Lililofunguliwa na Kila Mtu

Mama alitaka kulala siku tatu kwenye shamba alikozaliwa, si mbali na Makindu, kabla magoti hayajamkatalia kabisa. Nyumba ya babu ilishaanguka zamani, kwa hiyo kaka yangu akanunua mahema mawili na boksi la barafu la buluu, kubwa kiasi cha kukaliwa na watu wawili. Kazi ya kupanga chakula ikaniangukia mimi, kama kawaida.

Nyama na maziwa havikunitia wasiwasi sana. Wasiwasi wangu ulikuwa insulini. Mama ana kisukari, hudungwa asubuhi na jioni, na dawa ile haiwezani na joto la kule. Njiani tulisimama mji wa Sultan Hamud, nikanunua mabonge ya barafu. Nikayapanga chini, nyama juu yake, soda pembeni, na juu kabisa insulini ndani ya kopo nililolizungushia taulo, isigusane na barafu.

"Hili boksi litafunguliwa mara tatu kwa siku," nikawaambia wote wawili. "Na nitalifungua mimi."

Kaka alilifungua kabla hatujamaliza kusimamisha hema la kwanza. Alitaka soda. Akasimama pale akichagua kama mtu aliye mbele ya friji ya dukani, jua la saa saba likiingia ndani.

"Funga," nikamwambia.

"Natafuta ile nyeusi."

"Chukua yoyote ufunge."

Kufikia jioni alikuwa amelifungua mara sita. Mara mbili kati ya hizo, kwa maneno yake mwenyewe, alikuwa anaangalia tu kama barafu bado ipo.

Kesho yake nilimdunga mama, nikalifunga boksi kwa kamba, mafundo matatu, nikalisukuma kivulini. Kisha mimi na kaka tukaenda kuteka maji. Tuliporudi, mama alikuwa kwenye kiti chake cha plastiki, amezungukwa na majirani watano, wanawake aliocheza nao utotoni, kila mmoja na soda mkononi. Kamba ilikuwa imekatwa kwa kisu changu cha jikoni. Boksi lilikuwa juani, wazi. Barafu aliyoisaza kaka ilikuwa imevunjwavunjwa na kugawiwa vikombeni.

"Mwaitu," nikamwita kwa Kikamba, nikishusha sauti kwa sababu ya wageni, "dawa yako iko wapi?"

"Si imo humo."

Ilikuwa inaelea. Maji yalikuwa vuguvugu, na kichupa cha dawa kilikuwa na joto kama yai lililotoka kutagwa.

"Kwangu wageni hawanyweshwi soda ya moto," mama akasema, na wale wanawake wakatikisa vichwa kukubali.

Nilichukua ufunguo wa gari nikaenda Makindu. Njiani nililia kidogo, hasira tu. Mwanamke wa duka la dawa alikishika kile kichupa, akanitazama.

"Hii usimdunge tena," akasema. Akanipa mpya, akaniuliza nitaiweka wapi. Nilipoanza kumweleza habari za boksi akanikatiza. "Nunua vyungu viwili, kikubwa na kidogo. Kidogo kiingie ndani ya kikubwa, katikati ujaze mchanga, uulowanishe. Funika na kitambaa chenye maji, weka kivulini penye upepo."

Nilifanya hivyo hivyo. Mama alinitazama nikijaza mchanga, mikono yangu imechafuka hadi viwiko.

"Ongeza maji upande huo," akasema. "Hata sisi maziwa tuliyaweka hivyo."

Niliacha kumwaga maji. "Ulikuwa unajua?"

"Nimezaliwa hapa."

"Sasa kwa nini hukusema?"

"Mlikuja na boksi kubwa hivyo. Ningesema, nani angesikia?"

Kaka alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikuona cha kuchekesha.

Nyama ilikuwa imeanza kunuka, nikaitupa. Tukala githeri, mahindi na maharagwe, mpaka tukaichoka. Jioni nilitoa dawa chunguni, ya baridi kabisa, nikamdunga mama. Sukari yake ilikuwa sawa. Nikaketi kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, na hapo nikamsikia mama akiwaambia wale majirani warudi kesho.

Kaka aliinama juu ya chungu, akauliza kama soda moja inaweza kutoshea mle ndani.

Nikamwambia ajaribu aone.