Asubuhi Mausi Haikuwaka Taa

Kompyuta ya dukani kwetu Nyamwaga ilikuwa na maneno yaliyokuwa yakiniudhi kuliko ya mtu yeyote. Ikiwashwa na ikaamka vibaya, iliandika kwa Kiingereza kwamba haioni kibodi, kisha hapohapo ikaniamuru nibonyeze kitufe cha kibodi ili iendelee. Mimi niliishia darasa la saba na Kiingereza changu ni cha kuokoteza, lakini hayo niliyaelewa mapema. Nibonyeze wapi, na wewe umeshasema huioni?

Asubuhi ninayoikumbuka nilibonyeza hivyo hivyo. Nikabonyeza tena kwa nguvu. Maneno yalikaa palepale, meupe kwenye kioo cheusi. Nikageuza mausi juu chini, kama mtu anayemkagua kuku wa kununua. Ile taa yake nyekundu ya tumboni ilikuwa imezimika.

Upande wa pili wa kaunta alisimama mama mmoja wa hapo hapo Nyamwaga, ameshika fremu ya kioo isiyo na picha. Siku hiyo saa nane mchana alikuwa anamzika mama yake mzazi. Bibi yule hakupenda kupigwa picha. Akiona simu imeinuliwa aligeuza uso. Picha yake ilikuwa moja tu, ile ndogo ya kadi ya mpiga kura. Jioni iliyotangulia mama huyu aliniletea kadi, nikaiskani, nikaikuza, nikaihifadhi, na kabla sijachapa umeme ukakatika hadi alfajiri. Kaka yake akaondoka na kadi kwenda Tarime kuuchukua mwili. Kwa hiyo uso wa bibi ulikuwa umebaki ndani ya kompyuta, na kompyuta haikutaka kufunguka.

Bosi wangu alisema niizime niiwashe. Nikaizima, nikaiwasha. Maneno yaleyale. Akasema niizime kabisa, nichomoe waya wa umeme, nisubiri ipoe, kana kwamba ni uji. Nikasubiri. Mama alikuwa anafuta kioo cha fremu kwa ncha ya kitenge, na kioo kilikuwa safi tangu alipoingia.

Niwaeleze jinsi mashine ile ilivyofungwa, maana ndipo hasira yangu inapokaa. Matundu ya mbele yalikufa zamani. Nyuma yalibaki mawili mazima. La kwanza lilikuwa la printa, na bosi alikataza kuligusa, kwa sababu siku moja tulilichomoa na printa ikasahau kazi yake mpaka fundi alipokuja kutoka Tarime. La pili lilichomekwa kidude chenye matundu manane, na humo ndimo zilimoingia kibodi, mausi na simu za watu. Umeme ukikatika usiku, asubuhi kijiji kizima huleta simu kwetu zichajiwe. Soketi za ukutani zikijaa, bosi huhamia kwenye kile kidude. Na ana sheria moja hapo dukani: simu ya mteja haichomolewi mpaka mwenyewe aje. Aliwahi kugombana na mchimbaji mmoja wa Nyakunguru aliyekuta simu yake imechajiwa nusu, na tangu hapo simu zinaheshimiwa kuliko sisi.

Basi tukachomoa kila kitu isipokuwa simu. Tulichomoa mausi tukairudisha. Tulichomoa kibodi, bosi akaipulizia, likatoka vumbi la barabarani na makombo ya andazi, akanitazama. Nikaenda kuazima kibodi duka la jirani. Nayo ikafa palepale ilipoingia kwenye kile kidude. Niliporudisha, mwenye kibodi aliniuliza kama tumemharibia, nikatikisa kichwa tu.

Nilitamani kusema tuchomoe waya wa printa kidogo, tuweke kibodi peke yake pale. Nilikuwa nayo mdomoni hiyo sentensi. Lakini mimi nikitaka kusema mbele ya watu, maneno yanachukua muda kufika, na yakifika watu wameshahamia jambo jingine.

Akaingia dereva wa bodaboda kutoa nakala. Akaambiwa ni nini kinaendelea, akaegemea kaunta. "Mura," akamwambia bosi, kama wanavyoitana wanaume wa huku, "ipige kofi. Redio ya baba yangu bila kofi haisemi."

Bosi akaipiga kofi. Nilifumba macho. Nilipofumbua, kompyuta ilikuwa bado inaniambia nibonyeze kitufe.

"Hiyo imezoea," dereva akasema. "Ya baba ilikuwa inaogopa."

Bosi akampigia fundi. Fundi alikuwa Sirari, angefika jioni. Mama akasikia neno jioni. Aliiweka fremu juu ya kaunta taratibu, akaniuliza mimi, si bosi, kama naweza kumchora. Akasema wajukuu wa upande wa Ringwani wanakuja na hawajawahi kumwona bibi yao, na sanduku likishafungwa watamjua kwa lipi.

Hapo simu yake ikaita. Ilikuwa miongoni mwa zile zilizochomekwa kwenye kile kidude. Aliileta alfajiri pamoja na waya wake mwenyewe, uliochubuka shingoni na kufungwa plasta ya kidonda. Aliivuta ikatoka na waya wote. Kaka yake alikuwa anasema gari limeshatoka Tarime.

Chini ya mausi ikawaka taa nyekundu.

Nilibonyeza kitufe. Maneno meupe yakaondoka, kompyuta ikaendelea kuamka kama ilivyo siku zote, kwa uvivu, bila kuomba msamaha.

"Nilijua tu," bosi akasema. "Ni lile kofi."

Sikubishana. Niliandika neno la siri, nikakosea kwa haraka, nikaandika tena. Nikaitafuta picha, ikafunguka. Bibi alikuwa anatutazama kama mtu aliyecheleweshwa. Niliweka karatasi ya picha kwenye printa na printa ikaanza kuivuta, kidogo kidogo, paji la uso kwanza.

Mama alikata simu, akaangalia chaji. Akampa bosi simu na waya, akamwomba airudishe kidogo tu, siku yenyewe ni ndefu na watu wengi watampigia. Bosi akanyoosha mkono kuelekea lile tundu.

Nikaliziba kwa kiganja.

Bosi alinitazama. Dereva alinitazama. Maneno yakachukua muda wake kufika, na safari hii walinisubiri.

"Usichomeke, bosi. Waya huo ndio ulioizima."

Akaniambia nitoe mkono, mteja anasubiri. Sikuutoa. Printa ilikuwa imefika kwenye macho ya bibi, ikasimama kama inavyopenda kusimama, ikaendelea. Mkono wangu ulibaki pale mpaka kidevu kikatoka, na shingo, na shanga.

Mama aliishika karatasi kwa kingo, isiingie alama za vidole. Aliitazama, kisha akautazama ule waya wenye plasta.

"Kwa hiyo asubuhi yote ni mimi niliyekuwa namzuia mama?"

Nikasema, "Ni waya, mama."

Akacheka, kicheko kifupi cha puani. "Angekuwepo angenisema mpaka usiku," akasema, akanisogezea fremu. Nikamsaidia kuingiza picha kwenye fremu. Dereva akasahau nakala zake, akampakia na kuondoka naye, fremu ikiwa kifuani mwake.

Bosi bado anawahadithia watu lile kofi. Kila umeme ukikatika usiku, asubuhi anajaza simu kwenye kile kidude, na mimi nawasha kompyuta, nasoma yale maneno meupe, kisha naanza kuchomoa waya wa mtu mmoja mmoja, naye nyuma yangu ananikumbusha sheria ya duka.