Jino la Baba

Mzungu mwenye shamba la ngano kule Mau Narok alimchapa baba kiboko mbele yetu, kwa sababu ng'ombe walichelewa kukamuliwa. Karani wa shamba akamnong'oneza baba kwamba sheria inakataza mwajiri kumpiga mfanyakazi, na kwamba Nakuru kuna afisa wa kazi anayesikiliza malalamiko. Sheria nzuri hiyo! Lakini kutoka shambani kulihitaji barua ya ruhusa ya mzungu yuleyule. Nani angekuandikia barua ya kwenda kumshtaki?

Basi baba akasingizia jino. Alijifunga shavu kwa kitambaa, akaenda kusimama chini ya veranda, akasema, "Bwana, jino linaniuma sana. Naomba niende hospitali Nakuru."

Mzungu akamhurumia. Akasema Nakuru ni mbali, akamwita mtu aliyekuwa akitibu wafanyakazi pale shambani, aje na koleo. Baba angefanya nini? Kusema haumwi kungekuwa kufichua alikotaka kwenda hasa. Akakaa juu ya debe, akapanua mdomo.

Alirudi nyumbani na jino mkononi, jeupe, zima, halina hata doa. Mama aliliangalia, akageukia ukuta. Mimi nilikuwa naota meno ya pili wakati huo, na yale ya utotoni tulikuwa tunayarusha juu ya paa ili mapya yaote. Nikamshika baba mkono, nikamwambia twende tukalirushe.

Akanifuata nje, mdomo umejaa damu, akalirusha.