Barua Iliyomfanya Mama Feza Mgonjwa

Niseme mapema, kabla mke wangu hajatoka jikoni kuja kunisahihisha, kwamba mwenye makosa nilikuwa mimi peke yangu, na aibu niliyoipata siku ile kwenye depo ya kahawa, mbele ya wapagazi, makarani na mama mkwe wangu mzazi, niliistahili yote bila kupunguziwa hata kidogo.

Ilikuwa ile miaka ya hamsini, Kisangani ingali inaitwa Stanleyville, nami kijana wa Kasongo niliyefika kwa treni ya Ponthierville na sanduku moja la bati na Kifaransa cha mapadri kichwani, nikapata ukarani katika kampuni moja ya kununua kahawa. Mji ulikuwa mtamu wakati ule (au labda ni mimi niliyekuwa kijana, sijui, wenzangu wa rika langu nao wanasema hivyo hivyo). Asubuhi king'ora cha bandari kinalia, makarani wote tuko juu ya baiskeli, kaptula nyeupe zimenyooshwa kwa pasi ya makaa, akina mama wa Wagenia wanapita na samaki wabichi, na Jumamosi, siku ya posho kama tulivyoiita, jioni magitaa yanalia katika kila baa ya cité, mitaa yetu Waafrika, na mimi niko pale na suti yangu, sijui kucheza lakini najua kusimama vizuri.

Tulipanga chumba kimoja Kabondo, mimi, mke wangu Veronika na binti yetu Feza, chumba cha udongo ambacho mvua ikinyesha tunahamisha kitanda mara tatu. Alors, siku moja mkubwa wetu wa kazi akaniita. Alikuwa Mbelgiji mmoja mpole, wapagazi wakimwita Bwana Polepole kwa sababu kila neno alilipima kwanza kama anapima kahawa.

"Atanasi," akasema, "nyumba iko mbili. Moja iko hapa Mangobo, mupya, ya matofali, lakini kadogo. Ingine iko Bafwasende, tunafungua poste ya kahawa kule mu msitu. Ile iko kubwa, vyumba tano, na shamba nyuma. Usijibu leo. Enda, sema na muke yako, lete jibu siku ya tano."

Sema na mke wako. Maneno manne tu, na mzungu ndiye aliyeniambia. Nikaenda nyumbani, nikala pondu, yaani kisamvu, na makayabu ya samaki wa chumvi, nikamwangalia Veronika akimsuka Feza nywele mlangoni, nikanyamaza. Nilinyamaza kwa sababu jibu lake nililijua: Veronika ni mtoto wa Bafwasende, mama yake alikuwa mjane anayekaa peke yake kule, na nyumba ya vyumba vitano karibu na mama yake, bon, nani angemwambia kitu tena kuhusu Mangobo? Na mimi Mangobo niliitaka. Nilikuwa nimepita pale na baiskeli nikaziona zile nyumba, saruji chini, bati juu, vyumba viwili na sebule ndogo kama kiganja, lakini bomba la maji kwenye kona na barabara imenyooka mpaka mjini.

Donc, nikaandika barua. Kwanza nilitaka kuandika tu kwamba tunachagua Mangobo, mstari mmoja, basi. Lakini nilipouangalia ule mstari niliona umekaa uchi, hauna sababu, nikaogopa Bwana Polepole ataniuliza kwa nini, nikaongeza kwamba mke wangu hana afya nzuri. Baadaye nikaona "afya" peke yake haitoshi, nikaandika kifua. Halafu (ninyi mliosoma kwa mapadri mnajua Kifaransa kikianza kutiririka hakina breki) nikaandika kwamba unyevu wa msitu ungemmaliza, kwamba daktari anataka awe karibu na hospitali, na kwamba kwa sasa maskini hawezi kutembea zaidi ya hatua thelathini bila kuanguka. Nikaisoma mara mbili. Nilikaribia kumlilia mwenyewe. Nikatia sahihi, nikaipeleka.

Siku tatu hazikupita, Veronika akarudi kutoka sokoni uso umebadilika, kwa maana mke wa karani mwenzangu alikuwa amemwambia habari za Bafwasende.

"Papa Feza, ni kweli kuna nyumba kule kwetu?"

"Ilikuwapo," nikasema. "Bwana amekataa kutupa sisi. Amempa karani Marselini."

"Marselini hana muke wala mutoto. Atafanya nini na vyumba tano?"

"Ndiyo wazungu hao," nikasema, nikatikisa kichwa kwa huzuni, na kwa huo uongo wa pili nikaona mambo yameisha. Sikujua kwamba kutoka sokoni alikuwa amepitia kwa dereva wa lori la kahawa, akamtuma kwa mama yake kwamba tunakuja. Na mama yake, mwanamke asiyepoteza wakati, badala ya kungoja akapanda lori lile lile kuja kutusaidia kufunga mizigo. Alifika Ijumaa na kuku wawili na kikapu cha nyama ya kukausha, akaambiwa kwamba nyumba imekataliwa, akanitazama. Mimi nikawasifu kuku.

Jumamosi saa sita ndipo Bwana Polepole alipogawa funguo. Marselini alikuwa ameshaondoka asubuhi na lori, mizigo yake kifurushi kimoja. Sisi makarani watatu tuliopata Mangobo tulisimama mbele ya depo, wapagazi wamekaa juu ya magunia kutazama, jua kali, harufu ya kahawa kila mahali, na mimi nafikiria tu kama suti yangu itafaa jioni. Ndipo nikamwona Veronika anaingia langoni. Amevaa kitenge chake cha sikukuu, Feza mkononi, mama yake nyuma. Walikuwa wametoka Kabondo kwa miguu. Hakunitazama. Akaenda moja kwa moja mbele ya Bwana Polepole, akapiga goti kidogo kwa heshima.

"Bwana, samahani. Mimi ni muke wa Atanasi. Nimekuja kuuliza kosa yetu. Mutu hana muke unamupa vyumba tano, na sisi na mutoto unatufinya mu vyumba mbili. Mama yangu iko peke yake kule. Tumekukosea nini?"

Bwana Polepole akamtazama. Akavua kofia. Halafu akageuka kwa wapagazi akasema kwa sauti ya upole, "Lete kiti. Mbio. Mama huyu hawezi kusimama."

Kiti kikaletwa. Veronika hakuelewa, lakini mzungu anakupa kiti, utafanyaje? Akakaa. Bwana Polepole akainama mbele yake.

"Mama, umetoka Kabondo na miguu? Hapana muzuri. Kifua iko namna gani? Damu iko inatoka?"

"Kifua ya nani, Bwana?"

Mama mkwe wangu alisikia "kifua" na "damu" tu, na hayo yalimtosha. Alianguka chini akashika kichwa, akalia kile kilio cha msibani. "Mwana wangu anakufa na hawakuniambia! Ndiyo maana walikuwa wananificha!" Wapagazi walio juu ya magunia wakavua kofia mmoja mmoja. Feza akaanza kulia kwa kumwona bibi yake analia. Mtu akasema kuna muuguzi hapo karibu aitwe, na kweli mtu akatoka mbio kumwita. Na mimi, ambaye neno moja tu lingenitosha kuyasimamisha yote, nilisimama nikisoma maandishi ya gunia lililokuwa mbele yangu, nikayasoma tena.

"Iko mu barua," Bwana Polepole akasema, akaitoa mfukoni. Akaisoma pale pale, akiigeuza Kiswahili, neno kwa neno, kwa ule mwendo wake. Anasema muke yangu. Iko na ugonjwa. Ya kifua. Unyevu ya msitu. Itamumaliza. Hawezi kutembea. Zaidi ya hatua. Makumi tatu.

Alipomaliza, hata mama mkwe akaacha kulia. Veronika akanigeukia. Nimeishi na macho yale miaka mingi sasa, nimeyaona na hasira, nimeyaona na machozi, lakini siku ile yalikuwa na kitu kingine, yalikuwa yananihesabu upya. Kisha akainuka kwenye kiti.

Akaenda penye magunia. Akamwambia mpagazi mmoja ashuke, akachukua kamba yake, akaizungusha kwenye gunia kama wanavyofanya akina mama wa kwao, kamba kwenye paji la uso na mzigo mgongoni, akasema, "Nisaidieni kusimama." Wakamsaidia. Gunia zima la kahawa, ndugu zangu, ambalo mimi nililiandika tu kwenye daftari, sijawahi kulinyanyua. Akaanza kutembea kutoka mwisho mmoja wa depo kwenda mwingine, akihesabu kwa sauti.

"Moja. Mbili. Tatu."

Kufika kumi wapagazi wakaanza kuhesabu naye. Kufika ishirini hata makarani wenzangu, ndeko, yaani ndugu zangu niliokunywa nao, wakawa wanahesabu. Kwenye "makumi tatu" wote wakanyamaza kidogo, naye akanipita mbele, jasho linamtiririka, akasema polepole, "Makumi tatu na moja," na depo ikapasuka kwa kicheko nilichokisikia masikioni wiki nzima. Muuguzi aliingia wakati ule ule, anahema, akauliza mgonjwa yuko wapi, na wapagazi wote wakanyoosha kidole kwangu.

Nilijua kazi imekwisha. Karani aliyedanganya kwa maandishi, na sahihi yake chini. Bwana Polepole akaikunja barua, akanipa ufunguo, akanitazama kwa muda mrefu sana.

"Atanasi," akasema, "Kifaransa yako iko muzuri."

Hakusema kingine, siku ile wala baadaye. Lakini wapagazi walinipa jina, wakaniita Dokta, na nilibaki Dokta mpaka wazungu wakaondoka, na hata baada ya hapo, sokoni, mtu nisiyemfahamu ananiuliza, "Dokta, mgonjwa anaendeleaje?"

Mchana ule tulihamia Mangobo. Nyumba ilinuka saruji mbichi. Mama mkwe alikaa nje kwenye mkeka, chakula hakugusa. Veronika alifagia vyumba vile viwili, akafagia tena, kisha akaegemea ufagio.

"Sasa niambie ya kweli. Kwa nini haukutaka kwetu?"

Nilitafuta Kifaransa, hakikuja. Nikamwambia kwamba naogopa. Kwamba kule kaka zake wanajua msitu, wanajua kuwinda na kujenga, lugha yao siisikii, na mimi najua kuandika tu, na nilijiona tayari nimekaa katika ile nyumba ya vyumba vitano kama mgeni anayesubiri kupewa chakula.

Akaweka ufagio kando.

"Ungeniambia vile, ningekubali," akasema. "Mimi pia niliipenda ile robinet ya maji pale kona. Nilikuwa nataka tu mama asikae peke yake."

Basi mama mkwe hakurudi Bafwasende. Alichukua chumba kimoja pamoja na Feza, na watoto wengine wakazaliwa wakafuata huko huko, tukawa saba katika nyumba ambayo ukinyoosha mguu unamgusa mtu. Ugomvi ulikuwepo, foleni ya kuoga ilikuwepo, lakini jioni wote tukiwa barazani na sufuria moja, mama mkwe anasimulia mambo ya msitu na mimi ndiye ninayecheka kuliko wote, sijui nyumba gani ya vyumba vitano ingetuweka karibu hivyo.

Tangu siku ile, mtu wa ofisi akiniuliza, "Na mama watoto anaonaje?", hata kama jibu nalijua kama jina langu, nasema anisubiri kidogo, niende nyumbani nikamuulize. Na naenda kweli. Na mara nyingi narudi na jibu ambalo sikuwa nalo.