Bi Mkubwa Aliyenyamaza Nyumbani Kwangu

Mwanangu, iko siku moja ambayo mpaka leo nikiikumbuka mwili hunisisimka. Nilikuwa muuguzi kijana katika hospitali moja hapa Maskati, nimejaa kiburi. Wodini alilazwa Mhispania mmoja, fundi wa mitambo ya maji, mtu mzima aliyevunjika mguu kazini. Alikwisha kaa Oman miaka mingi, na Kiarabu chake cha kuungaunga kilitosha kupiga soga.

Mchana huo mama yangu, ambaye sote tulimwita Bi Mkubwa, aliniletea chakula kutoka kwetu Sib, nje kidogo ya mji. Akanisemesha Kiswahili chake cha Unguja mbele ya wenzangu: "Umekula, mwanangu? Nimekuletea vitumbua." Nikamjibu kwa Kiarabu, maneno mawili tu, nikamsindikiza mlangoni upesi. Siku zile wengi wetu tuliotoka Unguja tulikuwa tukiificha lugha ile kazini tusije tukaitwa Zinjibari, yaani watu wa kuja, kwa dharau, na katika kuificha mimi nilikuwa wa mbele.

Niliporudi nikamkuta yule mgonjwa ananitazama.

"Yule mama yako?"

"Ndiyo."

"Anakusemesha lugha moja, wewe unamjibu kwa nyingine. Na mimi mama yangu nilimfanyia hivyo hivyo."

Akanieleza. Kumbe si kila Mhispania amelelewa na wanaosema Kihispania. Kwao ni Aragoni, kaskazini, milimani kunakoanguka theluji, na wazee wa huko wana lugha yao, Kiaragoni. Wenyewe jina hilo hawakulitumia; kila bonde lilikuwa na lake, na wengine walisema tu kwamba wao wanazungumza vibaya. Skuli, mwalimu aliwachapa watoto waliothubutu kuisema. Basi mama yake alizungumza Kiaragoni na mumewe, na majirani, hata na ng'ombe zizini, lakini akimgeukia mwanawe humsemesha Kihispania cha kubabaisha, ili mtoto asije akachekwa. Mtoto akakua anaielewa lugha yote ya mama yake, wala hajapata kuitamka.

Uzeeni mama akapotewa na kumbukumbu. Kihispania kikamtoka chote, kikabaki Kiaragoni. Yule bwana akaenda kumuuguza. Kila asubuhi mama humuuliza, "Bwana, mwanangu atakuja lini?" Naye, ameketi pale pale kamshika mkono, humjibu kwa Kihispania kwamba ni yeye. Mama humshukuru kwa adabu, kama mtu anavyomshukuru mgeni, kisha akauliza tena.

"Si uliyajua maneno yake?" nikamwambia. "Mbona hukumjibu kwayo?"

"Niliona haya," akasema. "Mtu wa miaka arubaini, nikaona haya mbele ya mama yangu mwenyewe. Amekufa akimngoja mwanawe."

Mwenye akili angeondoka pale mbio akamwangukie mama yake miguuni. Mimi nilimpa pole, nikampa na dawa yake, nikenda zangu. Nikajiambia hayo ni mambo ya Wazungu wa milimani, sisi yanatuhusu nini.

Nikaolewa, nikazaa binti, Bi Mkubwa akahamia kwangu. Siku moja nikamsikia anamhadithia mtoto, bado wa kunyonya, kwa Kiswahili. Nikamkaripia, Mungu anisamehe: "Bi Mkubwa, usimharibie mtoto ulimi. Msemeshe Kiarabu, au nyamaza."

Hakubisha. Akaitikia, "Haya, mwanangu." Kiarabu chake kilikuwa cha kuswalia na salamu basi, kwa hiyo akanyamaza kabisa, hata mimi na wageni akituitikia kwa kichwa. Miaka saba alimchana mjukuu wake nywele, alimlisha, alimpepea wakati wa joto, bila ya neno. Mimi nikaona nyumba imetulia, nikafurahi. Mjinga mimi.

Alipofariki, sebule ilijaa wanawake waliokuja kutupa mkono wa tanzia. Jirani yake mmoja wa zamani wa Sib, naye mtu wa Unguja, akampakata binti yangu, akamwambia kwa Kiarabu, "Bibi yako alikuwa hodari wa hadithi, akituchekesha mpaka tukalia." Mtoto akashangaa. Akaja akanivuta abaya: "Mama, kwani Bibi alikuwa akiweza kusema? Mimi nilidhani bubu."

Nilikosa pa kuuweka uso wangu. Na leo, uzee huu, bado sipaoni.

Basi nisikilize, mwanangu. Ikiwa mama yako yu hai, mjibu kwa lugha anayokusemesha, hata ukikosea, hata wenzako wakikucheka. Usimfunge mdomo mzazi wako nyumbani mwako kwa kuwaogopa watu wa nje. Hao niliowaogopa mimi, siku ya msiba sikumwona hata mmoja. Na ukishakosea, omba radhi upesi, angali anasikia. Mimi nna kaburi tu, nalisemesha Kiswahili kila Ijumaa, wala halinijibu.

Mungu amrefushie mama yako umri, akuondolee haya isiyo na maana, na asikuonjeshe nilichokionja mimi. Amin.